Karatasi Nyeupe za Mtunza Vitabu

Alikuwa mtunza vitabu. Nilimjua miaka zaidi ya thelathini, kwetu Kivu na hapa Brussels, na miaka yote hiyo sikumjua kwa jambo jingine. Jina lake ninalo ila sitalitaja. Yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtunza vitabu ambaye watu wanalijua jina lake ameacha kazi yake na kufanya nyingine. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo waulizwe ndugu zake. Mimi naandika niliyoyaona.

Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti moja la kijivu mwaka mzima. Ukimsalimu alijibu salamu yako yote, ya nyumba, ya watoto, ya magoti, halafu akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikufanya ujikague kama umefunga vifungo vizuri. Mkononi alibeba mkoba wa ngozi uliochakaa pembe. Ndani ya mkoba kulikuwa na kipande cha kitenge, na ndani ya kitenge kulikuwa na katalogi.

Nieleze katalogi ni kitu gani, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Ni orodha ya vitabu vyote vya maktaba, iliyopigwa chapa na kushonwa kama kitabu. Kila kitabu kina namba yake, jina lake na kabati lake. Ya kwake ilikuwa ya maktaba ya chuo kikuu cha kwetu, ambako alikuwa mkuu wa maktaba hadi vita vilipoingia mjini. Maktaba ilivunjwa, vitabu vikabebwa kwa magunia. Yeye alitoka na ile orodha chini ya shati. Alipofika huku aliipeleka kwa fundi wa majalada, akaomba kila baada ya ukurasa wenye maandishi atiwe ukurasa mweupe. Kwenye mweupe aliandika kitabu kilipatwa na nini. Namba fulani iko kwa padri mmoja Goma. Namba fulani ilionekana sokoni bila jalada. Namba fulani ililowa mvua, shahidi ni mwanafunzi fulani, alisema kwa mdomo wake.

Hilo la shahidi lilikuwa sheria yake, na hakuivunja kamwe. Hakuandika alichodhani. Hakuandika alichosikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Aliandika kile ambacho mtu alikuja akasema: mimi niliona, au mimi nilifanya. Kama hakuna aliyesema, palibaki peupe. Kurasa nyingi zilibaki nyeupe.

Watu wa Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, walimwita Papa Katalogi, yaani Baba Katalogi. Wale vijana wa saluni pale Chaussée de Wavre walidhani mwanzoni kwamba anauza nguo kwa oda, wakamwomba awaonyeshe viatu. Alifungua mkoba akawaonyesha. Aliyekuwa na mkasi akatazama mistari ile midogo, akauliza bei iko wapi. Toka siku hiyo hawakuacha kumtania. Kulikuwa na kitabu kimoja alichokitafuta kuliko vyote, kitabu cha samaki wa ziwa letu, chenye michoro ya rangi, namba mia mbili na kumi na mbili. Kila aliyetoka nyumbani aliulizwa habari zake. Basi kinyozi, akimwona tu anapita na koti lake, alimwita toka mlangoni, akitaja namba ile kwa Kifaransa: "Papa, deux cent douze anakusalimia. Alipita hapa jana, alinyoa."

Yeye alisimama, akajibu bila kutabasamu: "Bon. Akirudi, umwambie kabati yake inamungoja."

Sikujua kamwe kama alikasirika au alicheza nao. Nadhani vyote viwili.

Jumapili alikwenda sokoni Gare du Midi, kwenye stesheni ya treni. Wengine huenda kununua nyanya na mablanketi. Yeye alipiga magoti mbele ya masanduku ya vitabu vikuukuu vilivyomwagwa chini, akavipitia kimoja kimoja, kwa sababu vitabu vya kwetu, alisema, vinasafiri kama watu wa kwetu, na wengi wetu tulishukia pale. Katika miaka yote aliwahi kukuta kimoja tu chenye muhuri wa maktaba yake. Kilikuwa cha sheria ya barabara. Alikinunua, akakaa nacho kwenye benchi ya tramu kama mtu aliyetoka kumpokea ndugu asiyempenda sana.

Mimi nilikutana naye tena kazini. Nilikuwa nasafisha chumba cha kusomea cha maktaba ya chuo kimoja hapa, asubuhi, kabla wanafunzi hawajajaa. Mlango ukifunguliwa, wa kwanza kuingia alikuwa yeye, na meza yake ilikuwa ile iliyo karibu na yale makabati ya zamani ya vidroo. Nilimtambua kabla hajanitambua. Niliinamisha kichwa kwenye ndoo. Alipita, akarudi hatua mbili.

"Maman Beignets," akasema.

Nitaeleza kwa nini aliniita hivyo. Kwanza nimalize ya chumba kile, maana ndipo aliponifundisha hayo machache niyajuayo kuhusu vitabu. Mimi shule niliacha darasa la tatu. Nasoma polepole, kwa kidole. Yeye hakunionea haya wala huruma. Alinieleza nikiwa nafuta meza, kana kwamba nimeuliza.

Alisema zamani sana, vyuo vikuu vya Ulaya vilipoanza kuwa na vyumba vya vitabu, kila kitabu kilifungwa mnyororo kwenye kabati. Mnyororo ulitiwa upande wa mbele wa jalada, kwa hiyo kitabu kilisimama kimeupa ukuta mgongo, na jina lake halikuonekana. Ili ujue kabati lina nini, walibandika karatasi ubavuni mwake. Hiyo ndiyo katalogi ya kwanza, karatasi moja ubavuni mwa kabati. Mshumaa ulikatazwa kabisa. Jua likishuka, kusoma kumekwisha. Nikamwambia, kumbe hata wao waliiba, kama walifunga vitabu kama mbuzi.

"Waliiba kuliko sisi, maman," akasema. "Walikuwa tu na chuma kuliko sisi."

Alisema baadaye vitabu vilizidi makabati, karatasi za ubavuni hazikutosha, ndipo wakaanza kupiga chapa orodha nzima. Walipanga kwa masomo: mambo ya Mungu, sheria, uganga, kisha mengine yote, na ndani ya somo, vikubwa mbele na vidogo nyuma, kufuata rafu. Lakini orodha ikishapigwa chapa, vitabu vipya vinaingia, vya zamani vinapotea, na orodha inaanza kusema uongo. Kwa hiyo watunza vitabu walitia karatasi nyeupe katikati ya zenye maandishi, wakaendelea kuandika kwa mkono. Na chuo kisicho na uwezo wa kutengeneza orodha yake kilinunua ya chuo kingine, kikatia alama kwenye vitabu ambavyo nacho kilikuwa navyo. Hapo ndipo alipopata yale mawazo ya kurasa zake. Alisema maandishi ya chapa ni maktaba ilivyotaka kuwa, na ukurasa mweupe ni maktaba ilivyo. Nikamuuliza sasa ya kwake ikoje, yenye weupe mwingi hivyo. Akarudi kusoma.

Mtu mwenye utaratibu hivyo ungedhani nyumba yake inang'aa. Niliingia mara moja, alipougua kifua, kumpelekea supu. Masufuria yalikuwa kitandani, soksi juu ya redio, na njia ya kwenda dirishani ilikuwa nyembamba kati ya marundo ya magazeti. Alikuwa mkali kwa mtu aliyekawiza kitabu siku moja, lakini kijiko changu cha mbao alichokopa wakati ule hakurudisha hadi leo. Hakuwaamini wanafunzi, aliwaita moto wenye miguu. Na bado nilimwona asubuhi ya baridi akimvisha mmoja wao koti lake la kijivu, akaondoka na sweta tu kuelekea Porte de Namur. Wiki mbili alikuwa bila koti. Nilipomuuliza alisema amelipeleka kwa fundi.

Sasa ya beignets.

Kwetu nilikuwa nakaanga mandazi mbele ya lango la chuo. Wateja wangu walikuwa wanafunzi, na yeye alipita bila kununua, kwa sababu, alisema, mtu wa vitabu hali kitu chenye mafuta. Vita vilipoingia wanafunzi walitawanyika, lakini njaa ilibaki, na mimi nilikuwa na watoto wanne. Niliendelea kukaanga. Kitu kilichokosekana kilikuwa karatasi ya kufungia. Siku moja vijana wenye bunduki walikuja na gunia. Karatasi kwa kilo, walisema. Nilifungua gunia, nikaona ni vitabu. Kwenye kila kimoja kulikuwa na muhuri, na muhuri ule niliujua, ulikuwa umechorwa kwenye lango nililokaa mbele yake miaka sita. Sikuhitaji kusoma.

Nilinunua. Nilinunua na gunia la pili. Nilichana kurasa, nikafungia mandazi, kurasa nzuri kwa kazi hiyo, zilikunywa mafuta vizuri. Watoto wangu walikula. Sitasema nilidanganywa, wala sitasema sikujua.

Na katika miezi hiyo mtunza vitabu alianza kununua. Kila asubuhi alisimama mbele ya karai langu, akaomba matano, na kila moja lifungwe peke yake. Nilimcheka mbele ya watu. Nilimwambia tonton, yaani mjomba, haya ni mandazi, si mayai, hayavunjiki. Wanawake wengine wakasema ana watoto watano wa siri. Yeye alipokea vifurushi vyake vitano, akaviweka mkobani mmoja mmoja, akaenda. Baada ya miezi minne hakuonekana tena. Tulisikia amevuka mpaka.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini niliinamia ndoo siku ile alipoingia chumba cha kusomea.

Wiki hiyohiyo aliniuliza, kama alivyowauliza wote waliotoka kwetu. Alifungua katalogi, akashika kalamu. "Maman, ile mwaka ya vita ulikuwa pale kwa lango kila siku. Bitabu, ulionaka bilienda wapi?"

Nilimwambia sikuona kitu. Nilisema nilikuwa naangalia mafuta yangu.

Akafunga kalamu. "Bon," akasema, na kunishukuru.

Mwaka uliofuata akauliza tena, maneno yaleyale, kalamu ileile. Nikajibu vilevile. Kila mwaka akauliza, kwa kawaida mwezi wa Novemba, siku za mvua hii ya hapa isiyonyesha wala kukoma. Nilistaafu, akaniuliza kwenye basi. Nilipofiwa na binti yangu mkubwa alikuja kwenye matanga, akakaa na sisi siku tatu, akaosha vikombe. Mwaka ule hakuuliza. Mwaka uliofuata akauliza. Mimi ni mwanamke niliyewachapa watoto wangu kwa uongo wa sukari, na mzee yule nilimdanganya usoni zaidi ya mara ishirini.

Mwaka huu macho yake yalikwisha. Wakampeleka nyumba ya wazee, huko mbele ambako tramu inageuka. Mpwa wake alinipigia simu kunipa habari: ile maktaba niliyokuwa nasafisha imekubali kuipokea katalogi, Alhamisi mtu atakuja kuichukua. Itawekwa ndani ya sanduku, mahali pa baridi, na hakuna mtu atakayeruhusiwa kuandika ndani yake tena. Alisema kwa furaha. Mimi nilikaa kwenye kiti cha jikoni hadi chai ikapoa.

Jumapili nilipitia sokoni Gare du Midi, nikanunua machungwa, nikaenda.

Alikuwa ameketi dirishani, dirisha linalotazama maegesho ya magari ambayo yeye hakuyaona. Katalogi ilikuwa mapajani mwake ndani ya kitenge. Nilimsalimu, akajibu yote, hadi magoti. Kisha akanyamaza. Niliweka machungwa kitandani.

"Papa," nikasema, "ile mwaka ya vita, nilifungaka beignets na karatasi ya bitabu byako. Nilinunua kwa magunia. Nilijua ni byako."

Hakugeuza kichwa. "Chini ya kitanda kuna boîte ya biskuti," akasema. "Ulete."

Nilipiga magoti nikaivuta. Ndani kulikuwa na karatasi zimenyooshwa vizuri, zimepangwa, kila moja na namba ya penseli pembeni. Katikati ya kila karatasi kulikuwa na duara la mafuta. Niliyajua maduara yale. Nayajua kama mtu anavyojua mwandiko wake.

"Tano kila asubuhi," akasema. "Beignets nilikuwa ninawapa watoto wa barabarani. Karatasi nilikuwa nasoma, natafuta ni ya kitabu gani. Nilipata bitabu kumi na sita."

Nikamuuliza kwa nini hakuandika, kama alijua tangu mwanzo.

"Mi niliona karatasi tu. Sikukuona unanunua, na wewe ulisema hukuona kitu. Ningeandika nini?"

"Kwa nini hukunisema, basi? Hata siku moja?"

"Nilikuuliza kila mwaka, maman."

Alinipa kalamu, akafungua kitenge. Alinitajia namba kwa Kifaransa, kwa kichwa, nami nikazitafuta kwa kidole, na kando ya kila namba, kwenye ukurasa mweupe, niliandika alichoniambia niandike: kilifungiwa mandazi langoni pa chuo. Kisha jina langu. Nilimuuliza kama niandike la marehemu mume wangu, ndilo lililo kwenye makaratasi. Akasema liandikwe la aliyefanya. Mkono wangu si mzuri. Herufi zilikuwa kubwa kama za mtoto kando ya mwandiko wake mdogo, na kurasa zile, nilipozitazama, zilikuwa tupu muda wote zikiningoja mimi. Kumi na sita. Ilichukua saa mbili. Muuguzi alileta kahawa, akaiondoa imepoa.

Nilipomaliza, mzee alivuta pumzi. Uso wake ulilegea, nikaona alivyokuwa pengine alipokuwa kijana.

"Unajua kitu kimoja, maman? Deux cent douze hakufika hata siku moja. Karatasi mia kadhaa nilipata kwako, ya samaki hata moja. Njo maana ninajua iko muzima. Muntu aliona picha zile, akaficha. Iko fasi fulani."

Hapo ningeweza kunyamaza. Kalamu ilikuwa imeshafungwa, Alhamisi ilikuwa karibu, na mzee alikuwa na miaka themanini na kitu. Ningemenya chungwa. Nani angenilaumu?

Lakini kitabu cha samaki nilikikumbuka. Kilikuwa kwenye gunia la pili, kikubwa, jalada la bluu. Nilikifungua magotini, nikaona samaki mmoja ukurasa mzima, na mifupa yake yote imechorwa, na mwanangu mdogo akaweka kidole kwenye jicho lake. Nilijaribu kufungia mandazi kwa karatasi yake. Ilikuwa ngumu, inateleza, haikunywa mafuta. Mafuta yalibaki juu na kuchafua mikono ya wateja.

"Papa," nikasema, "karatasi yake ilikataa mafuta. Kwa kufungia haikufaa. Niliwashia moto. Siku tatu, chini ya karai."

Aligeuza uso kutoka dirishani.

"Michoro nayo?" akauliza.

"Yote."

Aliishika katalogi kwa mikono miwili, akapapasa kingo za kurasa, akapafikia mahali pasipohitaji kuhesabu, kwa sababu palikuwa na tiketi ya zamani ya tramu iliyowekwa kama alama, imekuwa laini kama kitambaa. Alinigeuzia ukurasa wa deux cent douze. Akaweka kidole kwenye mweupe kunionyesha pa kuandikia, na kidole hakikukosea.

"Andika," akasema.

Niliandika: kilichomwa moto, siku tatu. Kisha jina langu. Aliniambia nimsomee. Nilisoma polepole, kwa kidole. Akapitisha gumba lake juu ya maneno, akayasikia pale kalamu ilipokandamiza karatasi, mstari wote hadi mwisho wa jina.

Kisha aliitoa ile tiketi ya tramu, akanipa. Akasema kapu la taka liko karibu na mlango.

Nilisimama nikaitupa. Niliporudi alikuwa ameshaifunga katalogi, anaizungushia kitenge, anakunja pembe moja, na ya pili, na ya tatu, kama mtu anayemvisha mtoto kabla ya safari. Akauliza kama mvua imekoma. Nikamwambia haijakoma.

"Basi ngoja kidogo," akasema. "Menya chungwa."

Nikamenya. Tulikula, na maganda nikayaweka mfukoni, maana kwenye lile kapu, juu ya ile tiketi, sikutaka kuyatia.